Kilichojibu Kabla ya Kuulizwa

Kile kidude kilijibu kabla hakijaulizwa, na balaa lote lilianzia hapo. Naomba unielewe vizuri, maana kuna watu watasema, ajabu gani hiyo? Kitu chochote unachochomeka kwenye tundu la USB, iwe flashi, iwe kipanya, hakina mdomo wake chenyewe. Kinakaa kimya kama mwali mpaka kompyuta ikiulize, una neno? Kikiwa nalo kinasema, kikiwa hakina kinasema sina. Kujisemea chenyewe hakiwezi, hakikuumbwa hivyo. Sasa Jumanne ile Nadhira binti Salumu, mwandishi wa programu, aliposoma kumbukumbu za kompyuta yake, aliona jibu limeandikwa saa sita na dakika arobaini mchana, na swali lake liko mstari wa chini.

"Nimechoka mie," alisema, akaufuta mstari.

Na kweli alikuwa amechoka. Ilikuwa siku ya nne anakesha chumbani kwa marehemu mama yake, Bi Naila, kwenye nyumba yao ya mawe Mji Mkongwe wa Bagamoyo, na hakuwa anahangaikia kazi ya mteja. Alikuwa anahangaikia mtoto wa mdogo wake. Lulu alikuwa amelazwa kwenye kituo kidogo cha afya pale Zinga na mimba ya miezi saba na nusu, mimba yake ya tatu. Wawili wa kwanza walizikwa kabla hawajafungua macho. Safari hii kondo la nyuma lilikuwa limekaa vibaya, na damu ilikuwa inamtoka kidogo kidogo.

Dokta Katarina, bingwa aliyekuwa akimfuatilia kutoka Dar, alisema waziwazi kwenye simu: "Msimtikise barabarani bila sababu, atamwaga damu njiani. Lakini nikiona damu ya kwenye kitovu cha mtoto inasuasua, namtaka hapa siku hiyohiyo nimtoe. Sharti nione mwenyewe, ikitembea, huku namwelekeza nesi."

Atazame wapi? Mashine ya altrasaundi ya Zinga iliunguzwa tundu la mtandao na radi ya masika. Walijaribu kumwonyesha kwa kamera ya simu, dokta akaona ukungu mtupu. Njia iliyobaki ilikuwa moja, kuupitisha mtandao kwenye tundu la USB kwa adapta ndogo, na Nadhira alizinunua mbili za aina moja Kariakoo. Lakini mashine ilikuwa ya kizamani, haizijui adapta hizo hata kwa kuzisikia. Ilihitaji draiva, yaani programu ndogo ya kuifundisha lugha ya kidude kigeni, na draiva hiyo haikuwapo duniani. Ilibidi aiandike yeye. Jumatatu alikwenda Zinga akaipachika ya kwanza pamoja na adapta moja, aijaribu, akarudi nyumbani na ile ya pili kurekebisha makosa. Dokta alikuwa na nafasi moja tu, Alhamisi saa sita na nusu mchana. Baada ya hapo, alisema, ataamua gizani.

Jumatano asubuhi Nadhira alikuta taa ya kijani ya adapta inapepesa. Taa ile hupepesa maneno yanapopita kwenye waya, na waya wenyewe wa mtandao alikuwa ameuchomoa tangu jana, uko sakafuni umejikunja. Akakaa akiitazama. Ikapepesa, ikatulia, ikapepesa. Halafu pua yake ikanasa harufu ya asumini iliyolala, asumini na mafuta ya nazi, harufu ya nywele za mama yake, ndani ya chumba ambacho kwa miaka miwili hakijaingia ua. Na nyuma ya asumini ile ilikuwapo harufu nyingine, ya tope la mikoko maji yakikupwa.

"Astaghfirullah," alinong'ona.

Akafungua kilichopita. Mashine hupelekeana tarakimu, ila tarakimu zinageuzwa herufi, na yeye alizigeuza moja moja. N. A. D. H. I. R. A. Mara moja tu, basi. Na chini yake, lo! Draiva yake ilikuwa imeshajibu. Kwa haraka yake ya majaribio alikuwa ameiandika ipokee chochote, kutoka kwa yeyote, na ijibu papo hapo kwamba nipo.

Shangazi Esha, dada wa baba yao aliyekuwa akiishi nao, aliingia na kikombe cha chai ya tangawizi. Hakukiweka mezani. Alisimama nacho mlangoni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nikuulize, jana mchana ulikuwa unamwitikia nani?"

"Mimi? Sikuongea na mtu."

"Uliitika. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha punde, mimi niko uani naanika nguo, nikakusikia. Ulisema, abee mama."

Nadhira alikumbuka. Alikuwa amezama kwenye kazi, akaitwa, akaitika kama mtu anavyoitika kwao siku zote, bila hata kuinua kichwa. Na hakuna mtoto wa mji ule asiyefundishwa hili kabla ya kufundishwa kuhesabu: ukiitwa na usiyemwona, hasa jua la utosi, funga mdomo mpaka uitwe mara tatu. Binadamu mwenye shida na wewe ataita tena. Wale wengine huita mara moja, wanachotaka ni ruhusa yako tu.

"Saa sita na dakika arobaini," Nadhira alisema taratibu.

"Choma hicho kidude."

"Shangazi, nikikichoma namchoma mtoto wa Lulu."

"Basi twende kwa Maalim Twalib."

"Yuko Pangani msibani, harudi mpaka Jumamosi. Jana nilimpigia, kwa dua ya Lulu."

Bi mkubwa yule, ambaye hata polisi hawaogopi, alikiweka kikombe sakafuni. "Mimi si mganga, Nadhira," alisema. "Nina ubani na Ayatul Kursi, na hayo ndiyo niliyo nayo."

Simu ikaita. Alikuwa Vicky, nesi wa Zinga, na alikuwa ananong'ona kama mtu aliyejificha kabatini.

"Dada Nadhira, samahani. Eti mama yenu... si uliniambia ni marehemu?"

"Ni marehemu. Kwa nini?"

"Lulu ananiuliza mbona sijampa mama yake kiti. Anasema amekuja tangu jana mchana, amekaa miguuni pa kitanda, anamkanda miguu. Mimi simwoni mtu, dada. Lakini shuka pale miguuni limebonyea. Na kile kidude ulichokiacha kwenye mashine, taa yake inawaka. Mashine yenyewe nimeizima."

Hapo Nadhira alilia. Alilia kwa sauti, uso kwenye kanga ya shangazi yake, kwa sababu alielewa alichokifanya: yeye ndiye aliyeitika, kikaingia kwake, na mlango wa pili aliupeleka mwenyewe mpaka kwenye kitanda cha mdogo wake, akauacha wazi. Akiifuta draiva, hakuna picha, na mtoto anakwenda kaburini kama wenzake. Akiiacha, kile kitu kinaendelea kukaa miguuni pa Lulu, na Mungu ndiye ajuaye kinangoja nini.

Aliponyamaza alijifuta makamasi, akavuta kompyuta.

"Unafanya nini?" Shangazi Esha aliuliza.

"Draiva yangu haina adabu. Naifundisha."

Akaiandika desturi ya kwao mstari kwa mstari. Anayeita mara ya kwanza asijibiwe. Wa pili asijibiwe. Mpaka yuleyule aite mara ya tatu, ndipo mlango ufunguliwe. Mashine za kweli hazidhuriki na hilo. Isiyojibiwa huita tena, haina kununa. Shangazi alifukiza ubani na kusoma, akanyamaza, akasoma tena. Na muda wote ule taa ya kijani ilikuwa inapepesa pembeni ya vidole vya Nadhira, polepole, kama jicho la mtu anayesoma.

Alhamisi walifika Zinga kwa bajaji. Lulu alikuwa amepauka, midomo imekauka, lakini anatabasamu. "Dada, mama amekusubiri sana," alisema. Nadhira alipachika draiva mpya, akachomeka waya, akampigia Dokta Katarina. Vicky akapaka mafuta kwenye kifaa cha kupimia na kukiweka tumboni. Saa sita na nusu. Adhana ikasikika kutoka barabarani, ikakatika.

"Sioni kitu," alisema dokta kwenye spika ya simu.

"Subiri kidogo dokta, itaita tena."

"Sina muda mrefu, mama."

Saa sita na dakika arobaini harufu iliingia, asumini kwanza, halafu tope, na joto la chumba likawa zito la kukaba koo, na feni ikaendelea kuzunguka bila kuleta upepo, na shuka miguuni pa Lulu likainuka taratibu kama linavyoinuka godoro mtu anaposimama, na Vicky akaliona na kuanza kusali rozari yake bila sauti huku mkono wake bado umeshika kile kifaa tumboni, na nyuma ya Nadhira, karibu na sikio, karibu kiasi cha kuusikia mvuke wa pumzi, mama yake akamwita kwa sauti ileile aliyomwitia siku zote za utoto wake, sauti ya mtu aliyeshika sahani ya chakula na anaogopa kitapoa, "Nadhira!"

Alijiuma ulimi. Taa ikapepesa mara moja. Draiva haikujibu.

"Dada, mama anakuita," alisema Lulu. "Mbona huitiki?"

"Nyamaza, mdogo wangu. Nakuomba."

"Nadhira." Safari hii sauti ilikuwa inalia, na ndicho kilichomvunja moyo, maana mama yao alikufa anaita hivyohivyo, na Nadhira siku ile alikuwa Dar, hakuwahi. Machozi yalimtiririka. Lulu akafungua mdomo amwitikie mama kwa niaba ya dada yake, na Nadhira akamrukia, akaufunika mdomo ule kwa kiganja na kuukandamiza kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Hee, naona!" Dokta Katarina alipaza sauti. "Naona sasa, safi kabisa. Nesi, sogeza kushoto. Hapo hapo. Jamani... damu inasita. Inasita, mnaniskia? Mleteni sasa hivi. Gari liende taratibu, naandaa chumba cha upasuaji."

Harufu ikaondoka kama iliyofungiwa mlango. Mashine ilikuwa imeita mara ya tatu na kujibiwa, na taa sasa ilikuwa inapepesa sambamba na picha, kama taa yoyote ya kawaida. Katika heka heka za kumbeba Lulu, wazo moja lilimpitia Nadhira, kwamba kimeita mara mbili. Tangu utoto alifundishwa kwamba vitu vile huita mara moja tu. Lakini nani alikuwa na nafasi ya kuhesabu?

Mtoto alitolewa jioni ile. Wa kike, kilo moja na robo tatu, na alilia. Nasema alilia! Nadhira aliusikia mlio ule nje ya mlango wa upasuaji, akakaa chini sakafuni kama mtoto. Wakampa jina la bibi yake, Naila. Adapta zote mbili Shangazi Esha alizifunga kwenye kitambaa cheupe na kuzitosa baharini Kaole, na Maalim Twalib aliporudi kutoka Pangani aliisomea nyumba siku saba, akasema pako safi. Lulu naye alisimuliwa yote, akafundishwa upya kama mtoto mdogo: hesabu kwanza, mdogo wangu, hesabu mpaka tatu.

Siku ya arobaini mama na mwana walikuwa nyumbani. Mchana, adhana imekwisha, Nadhira na Shangazi Esha wako jikoni wanachambua mchele wa pilau ya wageni. Lulu yuko chumbani kwa marehemu na mtoto, ambaye alikuwa analia tangu asubuhi. Kutoka uani, Shangazi Esha akaita kwa upole, "Naila!"

Mikono ya Nadhira ilisimama juu ya ungo. Shangazi Esha alikuwa ameketi mbele yake, magoti yao yanagusana, na mdomo wake umefumba.

Shangazi aliinua kidole kimoja, macho yamemtoka. Kimya. Halafu tena, kutoka uani, kwa sauti ya shangazi mwenyewe, "Naila!" Akainua cha pili. Na Nadhira, akivitazama vidole vile viwili, akakumbuka taa ya kijani pembeni ya mkono wake. Kilikuwa mle ndani wakati anaandika. Kila mstari aliouandika, kilikuwa kinausoma. Yeye ndiye aliyekifundisha.

Alirusha ungo, akakimbia, mchele ukimwagika ukumbi mzima.

"Naila!"

Mtoto akanyamaza. Chumbani Lulu, ambaye alikuwa amehesabu vizuri kama alivyofundishwa, alicheka kidogo, akaitika kwa niaba ya mwanawe kwa sauti ndogo ya kitoto, kama wafanyavyo kina mama wote.

"Abee, bibi. Karibu ndani."