Mke wa Chini ya Jukwaa

Hivi wewe, umewahi kukaa chini ya sakafu ukamsikia mumeo anakuzika, na watu mia mbili wanampigia makofi?

Mama Karatasi alikuwa ameshazoea. Alhamisi hiyo, saa kumi alasiri, alikuwa kwenye kigoda chake chini ya jukwaa, daftari la mchezo mapajani, taa ndogo ya betri imening'inia kwenye msumari. Juu ya kichwa chake zilikuwa mbao, na juu ya mbao viatu vya mumewe. Kazi yake ilikuwa kunong'ona. Mwigizaji akisahau maneno, yeye anamtupia kupitia mwanya mwembamba mbele ya jukwaa, ambao watazamaji hawauoni.

Na mumewe, ambaye watu walimwita Jabali, alisahau kila siku. Sauti alikuwa nayo, mabega alikuwa nayo, macho ya kumtoa mtu jasho alikuwa nayo. Kumbukumbu ndiyo hakupewa. Kwa miaka tisa, kila neno alilosifiwa kwalo lilipita kwanza mdomoni mwa mkewe. Ikafika mahali hata maneno yenyewe hayaonji tena. Akitupiwa neno, analirusha lilivyo.

Mchezo wa mwezi ule ulikuwa wa kutisha. Mume anamuua mkewe, anamfukia chini ya sakafu ya chumba, analeta mwanamke mwingine, kisha marehemu anaanza kumwita kutoka chini. Kwa kuwa Mama Karatasi alikuwa huko huko chini, Mwalimu, aliyekuwa akiwaongoza, akampa na sauti ya marehemu. Akikwaruza mbao kwa chanuo la chuma na kusema "Mume wangu, nipo," watu wazima walishikana mikono gizani.

Siku hiyo maiti, yaani bunda la matambara lililovishwa gauni, lilikuwa limeshadondoshwa magotini mwake. Kifuniko cha tundu la sakafuni kilikuwa kimerudishwa na komeo limesogezwa nusu, kiasi cha kusikika tu. Ikaingia sehemu ya mke mpya. Huyo alichezwa na msichana waliyemwita Hereni, kwa sababu ya hereni zake kubwa zilizogonga mabega. Jabali akamkumbatia mbele kabisa, karibu na mwanya, muziki ukipigwa.

Watazamaji waliona mapenzi. Mama Karatasi akasikia mengine.

"Gari linakuja saa ngapi?" Hereni aliuliza bila kufungua meno.

"Saa kumi na mbili. Jumamosi pazia likifungwa tu, tunatokea mlango wa nyuma."

"Na dada?"

"Siku hiyo komeo nitalifunga kweli. Mpaka afunguliwe, sisi tuko mbali."

"Afunguliwe na nani?"

"Fundi. Si anakuja kung'oa mbao za jukwaa jioni ile ile? Atakaa nusu saa tu, hafi."

Muziki ukakatika. Jabali akainua uso, akafungua mdomo, na maneno yakawa hayapo. Kiatu chake kikagonga ubao mara moja, kama kawaida yake akitaka kutupiwa.

Mama Karatasi aliangalia daftari. Mstari uliofuata ulikuwa: Kuanzia leo nyumba hii ni yako.

Angefanya nini? Akamtupia.

"Kuanzia leo," Jabali akanguruma, "nyumba hii ni yako!"

Ukumbi ukapiga makofi.

*

Nyumbani alimwekea chakula, akaketi mbele yake, akaanza kukunja nguo zilizokauka. Soksi na soksi yake, shati kola juu.

"Leo ulikuwa mzuri," akasema.

"Watu walilia, uliwasikia? Kuna mama mmoja alitolewa nje."

"Niliwasikia. Baba, mchezo ukiisha Jumamosi tutafanya nini?"

Jabali alitafuna kwanza.

"Tutapumzika. Tulale mpaka saa nne."

"Wote wawili?"

"Sasa wewe unataka nilale na nani?" Akacheka, akamgusa shavu. "Mke wangu umechoka. Usiwaze waze."

Alitaka kumuuliza pale pale. Swali lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini alimjua: angekana kwa sauti ile nzuri, na yeye angeamini, kwa sababu miaka yote tisa sauti ile ilikuwa kama yake mwenyewe. Akalimeza. Akakunja shati la mwisho.

*

Ijumaa alimkuta Fundi seremala nyuma ya jukwaa akipaka kifuniko rangi nyeusi. Ndiye pia aliyetikisa bati kwa ajili ya mlio wa radi mchezoni.

"Shemeji, sogea, utatoka hapa na mistari kama punda milia."

"Fundi, hilo komeo likifungwa mpaka mwisho, mtu wa ndani anatokaje?"

"Hatoki. Anasali."

"Nakuuliza kweli."

"Na mimi nakujibu kweli. Chuma kile, na mbao ni za inchi mbili. Labda apige kelele."

"Na watu wakiwa wameshaondoka?"

"Si utani huo! Basi atasubiri mimi nije kung'oa."

"Jumamosi jioni."

Fundi akaacha brashi.

"Jumamosi? Mumeo hakukwambia? Jumamosi asubuhi nasafiri, kijana wa jirani ndiye atakayetikisa bati. Mbao nitang'oa Jumatatu, na ukumbi Jumapili unafungwa. Nilimwambia tangu Jumatatu iliyopita, akasema sawa, atakwambia."

Mama Karatasi akashika ukingo wa kifuniko. Rangi mbichi ikamshika vidole vyote.

"Shemeji! Nilikwambia nini?"

"Amesahau tu," akasema. "Si unamjua. Husahau."

Lakini alipokuwa akinawa kwa mafuta ya taa, akisugua kidole kimoja baada ya kingine, alihesabu. Jumamosi jioni. Jumapili kutwa. Jumatatu asubuhi. Na Jabali alimwambia Hereni nusu saa.

*

Jumamosi saa saba simu yake ikalia. Ujumbe wa Jabali:

"Mke wangu leo usishuke na simu. Mwalimu anasema inaharibu vipaza sauti. Iache nyumbani kabisa."

Akajibu: "Sawa baba."

Halafu akampigia Mwalimu.

"Mwalimu, simu zimekatazwa leo?"

"Simu gani, Mama Karatasi? Wewe njoo hata na redio, mradi huyo bwana wako asimeze maneno. Leo ukumbi umejaa mpaka ngazini."

Akaizima simu, akaiviringisha kwenye leso, akaificha kifuani. Hapo mtu atauliza: kwa nini basi alishuka? Alishuka kwa sababu moyo una ukaidi wake. Alitaka kuusikia mkono wa mumewe kwenye lile komeo. Mpaka dakika ile ulikuwa bado haujatenda lolote, na huenda usingetenda.

Jabali alimshika kiwiko alipokuwa akishuka.

"Polepole, mama."

"Mume wangu, una neno la kuniambia kabla hatujaanza?"

Akamtazama. Kwa muda mfupi sana, kitu kilipita usoni mwake.

"Neno? Maneno si yote unayo wewe?"

Mchezo ukaanza. Bati likatikiswa kidogo kuliko alivyolitikisa Fundi. Mke akauawa, mwanamke mmoja akapiga ukelele safu za nyuma, bunda la matambara likamdondokea magotini. Kifuniko kikashuka. Komeo likasogea nusu.

Likasimama.

Akavuta pumzi. Ungeweza kusema alitabasamu.

Kisha likaendelea, polepole, chuma juu ya chuma, mpaka likagonga mwisho.

Hakulia. Alipangusa vumbi kwenye daftari, akalifunga, akaliweka chini. Akangoja. Mke mpya akaingia, wakakumbatiana, radi ikapita. Zamu yake ikafika, akakwaruza mbao kwa chanuo.

"Mume wangu, nipo."

Ukumbi ukaingia ubaridi. Jabali alitakiwa sasa kusimama katikati ya jukwaa na kukana mbele ya mwanamke wake: hakumzika mtu, sakafu ni tupu. Akasema la kwanza. La pili likampotea. Kiatu kikagonga ubao.

Kutoka chini akatupiwa neno.

"Nimemfungia mke wangu!" Jabali akanguruma.

Watu wakazuia pumzi. Kiatu kikagonga tena.

"Yuko hai chini ya miguu yangu!"

Hereni akageuka kumtazama. Mstari huo haukuwamo. Jabali hakuona, macho yake yalikuwa kwa watu, na watu walikuwa wake wote, hakuna aliyekohoa. Akagonga tena kwa pupa, kama mtu anayeomba maji.

"Komeo nimelifikisha mwisho! Na Fundi amesafiri. Hakuna wa kumfungulia mpaka Jumatatu!"

Neno Jumatatu likazunguka ukumbi, likarudi. Ndipo akalisikia. Mkono wake ukabaki hewani.

"Jumatatu?" Hereni akasema. Sauti yake ya kuigiza ilikuwa imeisha. "Uliniambia jioni hii. Uliniambia nusu saa!"

"Nyamaza, tunaendelea," Jabali akasema kwa chini. Akagonga kiatu. Akagonga tena. Akagonga mara tatu, nne.

Kutoka chini hakikuja kitu.

Kwa miaka tisa hakuwahi kugonga akakosa. Jasho likamtiririka mpaka kwenye kola. Safu ya mbele mzee mmoja akamnong'onezea mwenzake, "Huyu bwana anajua kazi, ona anavyotetemeka."

"Sema," Jabali akaomba, akiinama kwenye mwanya. "Mama, nitupie. Neno moja."

Hereni ndiye aliyepiga magoti. Komeo lilikuwa gumu, lilimkata kidole, akalivuta kwa mikono miwili mpaka likaachia. Kifuniko kikafunguka, na Mama Karatasi akapanda ngazi taratibu, vumbi kwenye nywele, chanuo mkononi. Ukumbi mzima ukapiga yowe. Marehemu ametoka.

"Dada, wallahi mimi hilo la Jumatatu sikulijua," Hereni akasema, kidole kikivuja damu.

"Najua. Nilisikia. La gari ulilijua."

Hereni akainamisha kichwa. Alipita pembeni, akapotelea nyuma ya pazia, peke yake.

Jabali akamsogelea mkewe. Alikuwa anatabasamu kwa watu na kusema bila kufungua meno.

"Rudi chini. Tumalize, tutaongea nyumbani."

"Mimi nyumbani ningefika lini?"

"Ningempigia mtu. Njiani ningempigia mtu, haki ya Mungu."

"Nani?"

Alitafuta jina, ukaona kabisa anatafuta, macho yakashuka kwenye mwanya kwa mazoea, na huko hapakuwa na mtu wa kumpa.

"Aibu gani hii unanifanyia?" akasema, na sauti ikaanza kumpanda. "Jina nimekupa. Kila mji tulioingia umeingia kwa mgongo wangu. Nani angemjua mwanamke wa kukaa chini na makaratasi? Haya, sema basi! Ulitaka nini kwangu? Miaka yote hii, ulitaka nini?"

Mwalimu alikuwa ameshika kamba ya pazia, lakini hakuivuta. Watu walikuwa wamesogea kwenye ncha za viti.

Mama Karatasi akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hakunong'ona. Ilikuwa sauti nene, tulivu, iliyofika mpaka kwa waliokaa ngazini.

"Nilitaka siku moja tu uniulize kama kule chini kuna baridi."