Mkono wa Junrey

"Usinishike!"

Mvua ilikuwa inapiga bati la uwanja wa kikapu pale mjini Talisay kama mawe, lakini kila mtu alimsikia Rhealyn. Wenzake wa timu ya sarakasi ya chuo wakaacha kunyoosha viungo, wakageuka.

Junrey alirudisha mikono yake kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

"Mpenzi, ni mimi."

"Najua ni wewe. Siwezi. Miguu haitaki."

Samasoti ya nyuma aliyokuwa akiiruka huku anacheka, sasa ilimkausha mate. Siku zote Junrey ndiye aliyekuwa mshikaji wake, kwenye mapenzi na kwenye godoro la mazoezi pia. Rhealyn akiruka, kiganja kimoja cha Junrey kinakaa kiunoni, kingine nyuma ya mapaja, mpaka atue. Mwezi uliopita hakutua. Alishuka kwa shingo. Alichokumbuka ni mlio, kama mtu anavunja muwa, kisha uso wa Junrey juu yake: "Uliruka upande, mpenzi. Uliruka upande."

Shingo ilikuwa imeteguka tu, ikapona, woga ukabaki. Hata kiti kikianguka darasani, mkono wake unakimbilia shingoni.

Kocha Merlinda alisogea, filimbi mdomoni.

"Leo hakuna kuruka."

"Kocha, mashindano yanakaribia."

"Mashindano hayana shingo, binti. Wewe unayo. Tunaanza chini kabisa. Leta godoro la mteremko."

"Rhealyn karudi chekechea!" mmoja akadakia nyuma.

"Funga bakuli lako," Dexter, mshikaji mwingine wa timu, akamjibu. "Siku yako ya kwanza ulimlilia mama yako hapa hapa."

Basi Rhealyn akaanza kubingirika kinyumenyume kwenye mteremko kama mtoto.

Jioni alikaa na Junrey kwenye kibanda cha ndizi za kukaanga.

"Kocha anataka Dexter asimame upande wa pili," Rhealyn alisema.

"Dexter wa nini? Mimi sitoshi?"

"Wawili ni salama zaidi."

"Yule anakuangalia sana, we huoni? Au huniamini?"

"Sijiamini mimi, Junrey. Si niliruka upande?"

Junrey akatazama mvua. Ndizi ikapoa mkononi mwake.

Kesho yake mchana simu ya Rhealyn ikaita. Alikuwa Mama Ising, mama yake Junrey.

"Mwanangu, hujambo? Shingo je?"

"Sijambo mama. Inaendelea vizuri."

"Nisaidie kumsema mwenzio. Mkono ule umevimba mpaka leo, hospitali hataki. Tangu pikipiki imwangushe!"

"Pikipiki? Lini, mama?"

"Hee! Hakukwambia? Jumatatu ile, wiki ile ile uliyoanguka wewe. Nikamwambia pumzika, akaniambia mama usiseme kwa mtu."

Rhealyn alihesabu siku. Yeye alianguka Alhamisi.

Alimtumia Junrey meseji: "Njoo uwanjani."

"Kuna nini mpenzi?"

"Njoo na mkono wako."

Alipofika, Rhealyn hakumsalimia. Alimshika kifundo cha mkono wa kulia, akakiminya. Junrey akaruka.

"Tangu lini?"

"Rhea, ngoja nikueleze..."

"Mama yako kashanieleza. Ulijua mkono mbovu, ukasimama nyuma yangu. Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Ningesema, Kocha angemweka Dexter. Mikono yake kiunoni mwako kila siku... nisingeweza kuvumilia."

"Ukaona afadhali nivunjike shingo?"

"Hapana! Nilidhani nitaweza. Mkono ulilegea ghafla tu."

"Na 'uliruka upande'?"

Junrey akauficha mkono nyuma yake.

"Nijibu! Mwezi mzima nimeuchukia mwili wangu. Mwezi mzima naogopa miguu yangu mwenyewe, kumbe nilikuogopa wewe bila kujua!"

"Nisamehe, mpenzi."

"Usinipigie. Usinitumie meseji."

Siku iliyofuata Junrey alisimama mbele ya timu, macho chini.

"Rhealyn hakukosea. Aliruka sawa. Mkono wangu ulikuwa umeumia, nikaficha kwa wivu, halafu nikamsingizia."

Hakuna aliyetania. Kocha Merlinda alimtazama mpaka akajikunyata.

"Wivu wako ungetuulia mtu. Toka kwenye godoro mpaka daktari aseme. Na ukirudi, utaanza kwa kushika magunia."

Rhealyn alidhani ukweli ukijulikana woga utakimbia. Haukukimbia. Kila siku ulikuja naye uwanjani. Kocha hakumharakisha: Rhealyn aliruka juu tu, akatua, akajiachia chali kwenye magodoro yaliyorundikwa, kisha akapinduliwa taratibu na Dexter na Kocha, kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani. Siku aliyochoka, alirudishwa nyumbani.

"Kocha, mbona bado naogopa?"

"Aogope nani kama siyo wewe? Asiyeogopa kabisa baada ya kuanguka, huyo simwachii godoro langu."

Junrey alirudi daktari alipomruhusu. Alishika magunia ya mchanga pembeni bila kuongea, akaondoka wa mwisho baada ya kukunja mikeka. Hakumsogelea.

Siku ikafika ya kuruka bila mteremko.

"Kushoto Dexter," Kocha alisema. "Kulia unamtaka nani?"

Rhealyn akageukia kwenye magunia ya mchanga.

"Junrey."

Watu wakatazamana.

"Una uhakika, binti?"

"Sina. Ila nikimkwepa leo, nitamkwepa maisha yangu yote."

Akawapa mgongo. Hakuwaona, alisikia tu nyayo zikisogea kwenye mkeka. Shingo ikaanza kuwaka pale pale ilipoumia. Akainua mikono.

"Kocha, subiri."

Ilikuwa sauti ya Junrey, imekauka.

"Nini tena?"

"Leo siwezi. Nimeshika magunia jana, mkono umeamka unauma. Aingie Arjay."

Mtu akapiga mluzi. Arjay ndiye kijana mtanashati kuliko wote kwenye timu, na kila mtu alilijua hilo.

Rhealyn hakugeuka. Alisikia nyayo za Junrey zikirudi nyuma, nyayo nyingine zikija. Machozi yakamjaa, akayafuta kwa bega.

"Tuko tayari," Dexter alisema.

Aliruka huku anaogopa. Bati likapita, magodoro yakapita, viganja viwili vikamgusa kiunoni, na nyayo zake zikatua. Uwanja ukalipuka kwa kelele.

Alimkuta Junrey kwenye benchi.

"Umeona?"

"Nilifumba macho."

"Mwoga wewe."

"Sana."

Rhealyn akakaa. Aliuchukua ule mkono, akauweka mapajani mwake, taratibu.

"Sijakusamehe chote."

"Najua."

"Lakini leo umenishika kuliko siku zote. Haya, inuka twende tena kwa daktari."

"Sasa hivi? Kesho basi..."

"Sasa hivi. Mimi nimesharuka. Zamu yako."