Kizimba Safi

Jumatatu asubuhi duka la dobi halina adabu. Watu wamebanana mbele ya kaunta, huyu anataka suruali yake ya kazini, yule anadai shati la tangu wiki iliyopita, mvuke wa pasi unawapiga usoni na hakuna anayekubali kusubiri zamu. Dobi mwenyewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Pasi, alikuwa na mazoea yake: hapokei nguo kabla hajaingiza mkono katika kila mfuko. Siku hiyo aliingiza mkono katika mfuko wa koti jeupe la hospitali, akatoka na kidude kikavu cha mviringo.

"Dada," alisema, na foleni nzima ikamsikia, "humu mna mavi."

Watu wakageuza shingo. Mwenye koti alikuwa amevaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa na kilemba cha njano, na haya hakuona hata chembe. Alikichukua kile kidude kiganjani mwa Pasi, akakivunja kwa kucha, akakiangalia kwenye mwanga.

"Ya sungura wangu hayo," alisema. "Ona yalivyojaa nyuzi za nyasi. Huyu ana afya kukushinda wewe."

Foleni ikaangua kicheko, Pasi naye akacheka, na mpaka anamwandikia risiti tayari moyo ulishamwendea yule dada. Aligundua kwamba yule dada anafanya kazi maabara, kutwa yuko na hadubini na vikopo vya wagonjwa. Yeye Pasi kazi yake kufuta madoa, dada akamwambia, na yake kuyasoma. Pasi akaanza kumwita Dakta. Akakatazwa, maana mtu wa maabara si daktari. Akaendelea kumwita Dakta hivyo hivyo. Baada ya mwezi makoti yalikuwa yanakuja kufuliwa mara mbili kwa wiki, mengine safi kabisa, na wote wawili walijifanya hawaoni.

Sungura aliitwa Mkaguzi, kwa sababu hakikupita kitu asikinuse. Alikuwa wa kijivu, sikio moja limelala, na chumbani kwa Dakta alitembea alikotaka. Hapo ndipo penzi lilipopata mwiba. Pasi alikuwa mtu wa usafi mpaka kero. Akija kutembea alikaa kwenye ncha ya kiti, akichomoa manyoya kwenye suruali moja baada ya jingine. Siku moja ulimi ukamponyoka, akasema siku wakioana yule mnyama atakaa nje. Dakta hakubishana. Alimfungulia mlango tu.

Wiki nzima simu haikupokelewa. Pasi alirudi mwenyewe, shati limenyooshwa mpaka linasimama, akaomba radhi, na papo hapo akaomba na uchumba.

"Napelekwa kozi mji mwingine, mwezi mmoja," Dakta alimjibu. "Bwenini hawapokei wanyama. Kaa na Mkaguzi. Nikirudi nitakupa jibu."

Alimwachia kizimba, gunia la nyasi kavu, na agizo moja: nyasi zisipungue mbele yake, asubuhi mpaka asubuhi. Vingine vyote ni vya kuonjeshwa tu.

Kizimba kiliwekwa nyuma ya duka, karibu na meza ya kupigia pasi. Sasa nyasi kavu na duka la dobi, jamani, wapi na wapi. Mkaguzi akizivuta zinaruka, zikiruka zinatua kwenye nguo za watu. Siku ya tano mteja alirudisha koti jeusi, limejaa vijiti mgongoni, akamuuliza Pasi kama siku hizi anafuga ng'ombe. Pasi aliumia. Jioni ile alilifunga gunia kwa kamba akalipandisha juu ya kabati. Tangu hapo Mkaguzi alilishwa biskuti, mkate na vipande vya karoti, na alivipenda sana, biskuti hasa.

Kila jioni Dakta alipiga simu. Mkaguzi anakula? Anakula, Pasi alisema, kabaki kuomba chai tu. Basi walicheka, wakaitana mpenzi, wakaulizana habari za kutwa. Anakula nini, hilo hakuulizwa, naye kwa hiari yake hakulisema.

Asubuhi ya siku ya kumi na mbili Pasi alifungua kizimba akakuta gazeti alilolitandika jana liko vilevile, safi, bila punje hata moja. Mkaguzi katulia pembeni. Pasi alifurahi kama mzazi aliyeona mtoto ameacha kukojoa kitandani. Akapiga picha akamtumia Dakta, na chini akaandika: Ona, mpenzi. Leo hajachafua hata kidogo. Sasa tumeelewana.

Simu iliita kabla hajaiweka mezani.

"Pasi, mavi yake yako wapi?"

"Si ndiyo nakwambia, hayapo. Amekuwa mstaarabu."

"Tangu lini?"

"Tangu jana mchana, nadhani."

"Na leo amekula nini?"

Pasi akaangalia. Biskuti ya jana ilikuwepo, nzima. Karoti ilikuwepo, imeanza kunyauka. Alipolisema hilo sauti yake mwenyewe ilimtisha.

Dakta alimwambia apige magoti, na akaanza kumuuliza kwa sauti ya kazini, kimoja kimoja. Amekaaje? Amejikunyata, mgongo juu. Macho? Nusu yamefumba. Sogeza sikio, unasikia nini? Pasi akasogeza sikio, akasikia mnyama anasaga meno polepole. Masikio yake? Ya baridi. Tumbo? Limekaza, gumu. Mkao huo na macho hayo Pasi alikuwa ameyaona tangu jana, akadhani ni usingizi.

"Nisikilize," Dakta alisema. "Sungura akikaa nusu siku hali na hapati choo, hiyo si ya kusubiri kesho. Utumbo umesimama. Ana maumivu makali, hajui kulia tu. Mfunge kwenye kitu chenye joto, mpeleke kwa daktari wa wanyama sasa hivi. Usimlazimishe chochote mdomoni kabla hajapimwa, huenda pameziba."

Pasi alizima pasi, akachukua taulo lililokuwa bado na moto wake, akamfunga Mkaguzi akatoka mbio, kaunta imejaa watu.

Daktari wa wanyama alikuwa mama wa makamo, mikono ya gauni imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Alilibonyeza tumbo taratibu, akalisikiliza kwa kifaa chake muda mrefu. Alisema tumbo la sungura halitakiwi kunyamaza, na hili liko kimya. Hapakuwa pameziba. Akamchoma sindano ya maumivu, akampa maji chini ya ngozi na dawa ya kuamsha utumbo, akampa Pasi unga wa nyasi wa kukoroga uji na bomba lisilo na sindano. Amnyweshe kidogo kidogo kila baada ya saa chache, amsugue tumbo, asimwache apate baridi. Simu ilikuwa juu ya meza, Dakta anasikia yote.

"Alikuwa anakula nini?" mama akauliza.

Pasi angeweza kudanganya. Aliangalia simu.

"Biskuti. Mkate. Na karoti."

"Na nyasi?"

Sauti ya Dakta ikatoka mezani, ndogo. "Nyasi nilizokuachia, Pasi."

"Zilikuwa zinachafua."

Simu ikakatika.

Siku mbili duka lilifungwa. Wateja waligonga wakachoka. Pasi alitandika shuka jeupe juu ya meza ya pasi, shuka la mteja, wala hakufikiri, akamlaza Mkaguzi na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Alimnywesha uji, nusu ukaingia, nusu ukamwagika. Alimsugua tumbo kwa vidole viwili mpaka vikafa ganzi. Alimpigia Dakta mara nyingi, hakupokea. Akajua amempoteza, na kwamba hakumpoteza kwa mwanamume mwingine wala kwa umbali, kampoteza kwa vijiti vya nyasi kwenye koti la mtu. Aliona aibu mpaka hakuweza kujitazama kwenye kioo cha wateja.

Siku ya pili, alasiri, Mkaguzi alijinyoosha kidogo. Nyuma yake, juu ya shuka, palikuwa na mavi. Pasi alilia machozi kabisa. Akapiga picha akatuma, na safari hii simu iliita.

"Mangapi?" Dakta alikuwa analia na kucheka.

"Manne."

"Makubwa?"

"Kama pilipili manga. Makavu, yana manyoya."

"Ni mwanzo," Dakta alisema. "Usichoke, mpenzi wangu. Nimeomba ruhusa, kesho alfajiri napanda basi."

Mpenzi wangu. Pasi alilirudia neno hilo jioni nzima, na kabla ya kulala alijinyooshea shati la kumpokelea.

Asubuhi Mkaguzi aliukataa uji. Ulimtiririka kidevuni. Pasi alimfunga taulo, akatoka naye, na hawakuvuka hata mlango. Kichwa kililegea kwenye kiwiko chake, na mwili ukawa mzito. Ilikuwa saa nne. Alishika simu akataka kumwambia, kisha akamfikiria yuko ndani ya basi, dirishani. Akaona bora apate saa mbili zaidi za kuwa na sungura wake.

Dakta aliingia saa sita na kilemba chake cha njano, begi mkono huu, fungu la nyasi mbichi mkono huu. Alimwangalia Pasi usoni mara moja tu akajua. Hakupiga kelele. Alikwenda mezani, akaokota punje moja kwenye shuka, akaivunja kwa kucha, akaiangalia kwenye mwanga.

"Alikuwa anajaribu," alisema.

"Nisamehe."

"Leo usiniombe hilo."

Pasi alimweleza yote, gunia, kabati, koti jeusi. Alisema alitaka akirudi akute kila kitu safi.

"Ungeniambia tu nyasi zinakusumbua," Dakta alisema. "Ningecheka. Ningekwambia hamishia kizimba uani. Kila jioni nilikuuliza habari zake." Akafuta macho kwa ncha ya kilemba. "Nilikuwa nimekuja kukubali."

Pasi alisubiri neno jingine. Dakta alimfunga Mkaguzi katika lile shuka, pamoja na punje zake tatu zilizobaki, akambeba kifuani akaondoka. Fungu la nyasi lilibaki mezani.

Wiki tano zikapita. Jumatatu moja, katikati ya zogo la kaunta, mwanamke asiyemjua aliweka mbele yake makoti matano meupe ya hospitali. Alisema ni ya mwenzake wa maabara, hana nafasi ya kuja mwenyewe, amesema hapa wanafua vizuri.

Pasi aliyavuta. Akaingiza mkono katika mfuko wa koti la kwanza, kulia, kushoto, mpaka kwenye mshono. Akaingiza katika la pili. La tatu alilipindua mifuko nje, akaipangusa kwa kidole akitafuta hata uzi wa nyasi. La nne. La tano. Foleni ikaanza kunung'unika nyuma.

"Kaka," yule mwanamke aliuliza, "kuna kitu umekikuta?"

"Hapana, dada," Pasi alisema, mkono bado umo mfukoni. "Ni safi."