Nati za Upande wa Kushoto

Jumamosi, saa moja asubuhi, gari la babu lilitoka getini vizuri, likarudi linachechemea.

Mama, mshona mapazia, alikuwa na mzigo wa watu wa hoteli kwenye buti. Kabla ya kuondoka alikivuta kiti mbele, akinung'unika kwamba miguu haifiki, huku binti yake ameshika geti. Hakufika hata kwenye kona. Alisikia gogo-gogo-gogo nyuma kushoto, akageuza taratibu, akashuka.

Tairi lilikuwa linacheza kama jino la mtoto. Nati nne, zile zenye vidoa vyekundu alivyopaka babu upande wa kushoto tu, zilikuwa zimelegea. Ya tano haipo, na stadi yake, kile chuma chenye mikato ya hesi kinachoshika nati, imekatika katikati.

"Nani amegusa tairi hili?"

Wote wakamgeukia Kaka, kijana mkubwa wa Mama. Alhamisi alifungua matairi yote kusafisha breki.

"Mama, nilizikaza. Nilizipitia tena moja moja."

"Ulizikaza! Ningekuwa barabara kuu, saa hizi mngekuwa mnanililia!"

"Dada, mimi nilisema," akadakia Mjomba, mdogo wake Mama, mrefu kama ngazi, aliyekuja kukaa wiki mbili na sasa ana mwezi wa tano. Alikuwa anakunywa chai, kikombe amekishika kwa ncha za vidole. "Huyu bado mtoto. Halafu leo mwenye gereji anakuja kumwangalia aanze kazi? Ngoja nimpigie nimwambie ukweli. Akiua wateja wa watu je?"

"Mpigie," Mama akasema.

Kaka akaanza kuokota spana zake. Mwaka mzima amekuwa akienda kwenye ile gereji kuomba, mwaka mzima anaambiwa subiri, na siku yenyewe ndiyo hii. Mjomba akapiga simu palepale, sauti juu, majirani wote wasikie. Mwenye gereji akajibu atakuja saa kumi, ajionee kwa macho yake.

Mdogo wake Kaka, yule binti aliyeshika geti, waliyembandika jina la Kimya kwa sababu hata akijua jibu darasani hunyanyua kidole nusu, alihisi masikio yanawaka. Kumshtaki mtu bila kumuuliza hata swali moja! Akamfuata Kaka uani.

"Ijumaa gari lilitoka?"

"Litoke wapi? Mama alienda kununua vitambaa kutwa. Mimi nilikuwa nahangaikia vyeti."

"Na nyumbani alibaki nani?"

"Mjomba. Kichwa kinamuuma, kalala." Kaka akapangusa pua kwa kiwiko. "Acha, dogo. Imeshaharibika."

"Haijaharibika. Nenda katafute stadi nyingine, ufunge mwenyewe. Lakini tairi la mbele kushoto usiliguse mpaka nikwambie."

Kisha akaenda kwa jirani, dereva wa teksi, anayegombana na Mama kila siku kuhusu nafasi pale nje ya geti. Kama kuna mtu mwenye kinyongo na lile gari, ni yeye. Kimya akabisha.

"Shikamoo. Eti jana uligusa gari letu?"

"Marahaba. Niguse gari lenu nina wazimu? Mama yako ataniponda na pasi." Akacheka. "Jana hata halikuwepo. Saa tisa alasiri nimeegesha pale kwa raha zangu, bila matusi. Saa kumi na moja likarudi, nikapigiwa honi kama mbuzi."

"Nani alipiga?"

"Sikuangalia. Nilihamisha gari nikiwa na hasira."

Kimya aliporudi alimkuta Mjomba anahamisha ndoo kwa mkono wa kushoto. Wa kulia kiganja kina malengelenge.

"Umeungua, Mjomba?"

"Jembe hilo. Nimelima bustani ya Mama yako."

Kimya akachungulia bustani. Magugu yalikuwa yamefika kiunoni.

Saa kumi mwenye gereji akafika, mzee mfupi, mikono nyuma, hana salamu ndefu. Kaka alikuwa ameshapandisha gari kwa jeki, dramu ya breki iko chini. Akagonga kile kipande kilichokatika kwa nyundo kikatokea nyuma, akapenyeza stadi mpya, akaweka washa, kile kipete cha chuma, akaivuta polepole kwa nati mpaka ikakaa. Hakukosea hatua hata moja. Mwenye gereji aliangalia tu.

"Kazi anaijua," akasema. "Sasa kwa nini aliziacha zimelegea?"

"Uzembe!" Mjomba akasema.

"Mjomba," Kimya akasema, na sauti yake ikawashtua wote, "tulikague na la mbele. Wewe ndiye mzoefu. Fungua nati moja tu."

Mjomba akajishebedua, akachukua spana, akaisukuma kwa nguvu kushoto, kama mtu yeyote anavyofungua nati. Haikutoka. Akapanda juu yake kwa mguu. Nati ikalia kwii.

"We! We!" mwenye gereji akaruka. "Utaikata! Unakaza hiyo!"

"Nafungua."

"Unakaza, bwana! Magari haya ya zamani, kushoto hesi zake ni za kinyume, kufungua unazungusha kulia. Hukuona hata hiyo rangi?"

Mjomba akashusha mguu. Kimya ndiye aliyeongea.

"Kaka anajua. Babu alimfundisha, akapaka na vidoa. Mama anajua. Aliyekata stadi hakujua: alitaka kufungua, akakaza mpaka ikakatika. Baadaye akataka kukaza, akalegeza nne zote. Na ni mrefu, maana Mama alikuta kiti kimesogezwa nyuma. Ijumaa saa tisa gari halikuwepo. Onyesha kiganja, Mjomba."

"Mtoto huyu ana adabu kweli?"

"Onyesha kiganja," Mama akasema.

Hakukionyesha. Akakaa juu ya ndoo, akaanza kusema. Wakwe watarajiwa alishawaambia gari ni lake. Akaenda kujionyesha, tairi likapata pancha mlangoni kwao. Akapigana na nati ya kwanza mpaka ikakatika. Mziba pancha akamfungulia zilizobaki, akarudisha tairi.

"Nilipofika hapa nikazikaza tena kwa mguu, Dada. Kwa usalama wako."

"Usalama wangu! Ulijua stadi imekatika, ukaniacha niondoke?"

"Niliona nne zinatosha."

"Na asubuhi?" Kimya akasema, machozi ya hasira yanamtoka. "Ulikuwa unakunywa chai! Kaka anatukanwa, wewe unanyanyua simu kumkatia riziki!"

Akaokota simu ya Mjomba juu ya boneti, akampa.

"Gereji ulijitolea mwenyewe kupiga. Sasa piga kwa wakwe. Waambie gari ni la nani. Weka spika."

Mama akaitikia kwa kichwa: piga. Mwenye gereji akamgeukia Kaka, akamwambia, "Jumatatu saa mbili. Uje na viatu vigumu," kisha akajifanya anakagua jeki, lakini masikio yake yote yalikuwa kwenye ile simu.

Mjomba alipomaliza kubabaika, akajikokota ndani kufunga begi. Mama akachukua ufunguo, akataka kuingia kwenye gari. Hoteli inasubiri.

"Mama," Kimya akasema. Safari hii kidole alinyanyua chote. "Na wewe bado."

Mama akasimama. Akamtazama binti yake kama anamwona leo. Kisha akamgeukia kijana wake, aliyekuwa amepiga magoti pale, anakaza nati ya mwisho, akiizungusha kushoto.

"Baba," akasema, "sikukuuliza hata swali moja. Nisamehe."