Kazi Iliyoachwa Ikiendelea

Kila siku baada ya masomo, Pilipili na binamu yake Nyuki walikwenda kwenye chumba cha kompyuta cha maktaba. Kompyuta za pale zilikuwa kuukuu, kazi yake ilikuwa kuunganisha tu. Shughuli yenyewe ilifanyika kwenye seva, kompyuta kubwa iliyokuwa mji mwingine, na watoto wote waliitumia kwa pamoja kupitia mtandao. Mama yake Nyuki, shangazi yake Pilipili, ndiye aliyekuwa fundi wa seva hiyo, akiiendesha kutoka hapo maktaba.

Pilipili alipewa jina hilo kwa ukali wa ulimi wake, lakini siku hizi kilichowaka kilikuwa moyo. Nyumbani wimbo ulikuwa mmoja: "Muone mwenzako Nyuki!" Nyuki kafua, Nyuki kafaulu, Nyuki anatengeneza katuni ya maonyesho ya shule. Pilipili akilisikia jina hilo, hata chakula alikisukuma kando.

Jana naye alitengeneza katuni, akaiamuru seva iikamilishe kwa ubora wa juu kabisa, ili aipiku ya Nyuki. Alingoja mpaka akachoka. Akafunga dirisha kwenye kioo cha kompyuta, akaenda zake.

Leo kila kitu kilikwenda mwendo wa kinyonga.

"Mama, inakataa kuhifadhi!" Nyuki alilalamika. "Na maonyesho ni kesho!"

Mama yake akaja, akabonyeza hapa na pale, akaguna. "Prosesa imefika asilimia mia. Ubongo wa seva umeelemewa, hata siwezi kuona ni kazi gani inayoulemea. Kuna mtu aliyeacha kazi ikiendelea?"

Pilipili akainamia kibodi yake. Akajifanya hajasikia.

"Basi sina budi kuizima na kuiwasha upya. Ambacho hakijahifadhiwa kitapotea."

Nyuki akainamisha kichwa mezani. Pilipili alifurahi, tusifiche. Na ipotee! Tuone kesho ataimbwa nani. Lakini mabega ya Nyuki yalianza kutikisika, bila neno, bila kumlaumu mtu. Furaha ile ikageuka shubiri.

"Shangazi, ngoja, usizime! Ni mimi. Jana nilifunga dirisha, nikadhani nimeshatoka."

"Kufunga dirisha siyo kutoka, mwanangu. Huku umeaga, kule kazi inaendelea. Haya, ingia tena, utaikuta."

Seva ilichukua muda kumpokea, lakini katuni yake aliikuta, bado inahangaika. Pilipili akabonyeza "simamisha". Baada ya kitambo, prosesa ikashusha pumzi na kompyuta zote zikachangamka. Nyuki akahifadhi kazi yake haraka haraka.

"Kumbe na wewe unatengeneza katuni?" Nyuki akauliza, akijifuta macho.

"Nilitaka iishinde yako. Nilikuonea wivu."

"Nilijua umeninunia, ila sikujua kosa langu."

"Huna kosa," alisema Pilipili. Maneno hayo yalikuwa mazito kuyatoa kuliko yote aliyowahi kusema.

Shangazi akavuta kiti, akaketi kati yao. "Wivu nao ndivyo ulivyo. Nje umefunga dirisha, watu wanakuona unacheka. Ndani unaendelea, unakula nguvu zako zote, na kazi yako mwenyewe haisogei. Fundi hawezi kukusimamishia, mwanangu. Ni mpaka wewe mwenyewe uingie ndani, useme kweli, kama ulivyofanya leo."