Nozeli Tatu Zilizofutwa

—Umezifuta nozeli zangu tatu, Rhys! Tatu nzima!

—Bridie, punguza sauti. Watu wanasikia.

—Waache wasikie!

Bridie Tranter alikuwa amesimama mlangoni mwa maabara mjini Toowoomba, Australia, ripoti mkononi. Kazi yake ilikuwa kupima ukubwa wa matone ya dawa yanayorushwa na mashine za kunyunyizia mashamba. Rhys, mchumba wake, ndiye aliyebuni nozeli mpya, vile vichwa vidogo vya mashine hizo vinavyotoa dawa. Zilibaki wiki tatu kabla ya harusi yao.

—Nilipima nozeli kumi na mbili. Tisa zilitoa matone mazito yanayoanguka palepale. Tatu zikatoa ukungu. Kwenye ripoti naona tisa tu, na chini yake sahihi yangu!

—Zile tatu zilikuwa mbali mno na zile nyingine. Makosa ya upimaji tu. Mtu yeyote wa takwimu angeziondoa.

—Mtu wa takwimu ni mimi! Kila moja niliipima mara tano, majibu yakawa yaleyale. Kosa halikuwa kwenye kipimo, lilikuwa kwenye nozeli zako.

—Hata ukizirudisha, wastani hausogei sana, mpenzi.

—Usiniite mpenzi! Wastani hauunguzi pamba. Kinachounguza ni vile vitone vidogo vinavyobebwa na upepo.

Akamsukumia simu usoni. Ulikuwa ujumbe wa baba yake, mzee Neville, mkulima wa pamba kule Dalby:

"Majani yamejikunja upande wote wa uzio. Jirani alinyunyizia dawa ya magugu. Anaapa upepo ulikuwa mdogo na nozeli ni mpya, zile za Rhys. Mwambie mkwe wangu aje aone."

Rhys alisoma, uso ukamshuka.

—Baba yako... Bridie, sikujua.

—Ulijua! Hukujua tu itamwangukia nani.

—Bosi alitaka ziingie sokoni kabla ya msimu. Miaka minne ya kazi yangu, itupwe kwa ajili ya nozeli tatu? Nitarekebisha. Naomba tu tungoje harusi ipite.

Bridie alimtazama kama mtu asiyemjua.

—Yaani niingie kanisani nimeshikwa mkono na baba, mimi najua, yeye hajui?

Akampigia baba yake simu, akamwomba awaite wakulima wote.

Kesho yake asubuhi wakulima walijaa ukumbini Dalby, kofia magotini, wamenuna. Bridie aliwaonyesha ukutani vipimo vya nozeli zote kumi na mbili, kimoja kimoja.

—Ripoti mliyopewa ilificha hizi tatu. Ukifunga nozeli arobaini kwenye mashine moja, huenda kumi zikawa za namna hii. Zing'oeni leo.

—Sahihi si yako, dada? mkulima mmoja alifoka kutoka nyuma. —Nani alizificha?

Bridie alifumbua kinywa, lakini Rhys, aliyekuwa amejibanza ukutani, akatangulia.

—Ni mimi. Bridie alipima vizuri. Mimi ndiye niliyefuta.

Ukumbi ukalipuka kwa matusi. Mzee Neville hakutukana. Alimkazia macho tu yule aliyekuwa akimwita mwanangu, hadi Rhys akainamisha kichwa.

Nje, kwenye jua kali, Rhys alimkimbilia Bridie.

—Nimesema ukweli mbele ya watu wote! Unataka nini tena?

—Umesema baada ya mimi kuubandika ukutani. Jana nilikuuliza wewe kwanza. Ukaniomba ningoje.

—Niliogopa kukupoteza.

—Basi ungenilinda. Uliazima jina langu ukalipaka dawa, Rhys.

Alivua pete, akamwekea kiganjani, akamfumba vidole. Rhys alilia waziwazi. Bridie naye alikuwa akilia, lakini hakurudi nyuma.

Ndani ya gari la baba yake alipiga simu kwa mwenye ukumbi wa harusi.

—Naitwa Bridie Tranter. Harusi ya tarehe ishirini na nne haipo.

—Oo, pole. Tukuwekee tarehe nyingine?

—Hapana. Sijaahirisha. Nimevunja.

Mzee Neville akawasha gari.