Mate Yaliangukia Wapi?

Kila siku saa nane mchana, kengele ya mwisho ilipolia, Restituta Gidamis alikuwa wa kwanza kutoka darasani. Hakwenda uwanjani kucheza rede na wenzake. Alikimbia nyumbani, akachota maji madumu mawili, akawanywesha ndama, akala ugali wake akiwa amesimama. Kisha alichukua daftari na penseli na kumwendea bibi yake, aliyezoea kuketi nje ya boma akishona ushanga kwenye ngozi.

"Bibi, ninakwenda kwa Nina."

Bibi alimshika kichwa kwa mikono yake iliyojaa bangili, akamtemea mate kidogo kwenye paji la uso, akasema kwa Kidatoga, "Nenda, njia iwe laini."

Hivyo ndivyo bibi alivyombariki mjukuu wake tangu alipokuwa mchanga. Restituta hakuyafuta mate hayo hata siku moja. Yalikauka yenyewe njiani, naye alijisikia salama.

Sasa, huyo Nina ni nani? Mwaka huo mkoa wa Manyara ulikuwa na umri wa miaka miwili tu, na kijijini kwao, Gendabi, palikuwa na televisheni moja. Ilikuwa kwenye ukumbi wa kigango cha Kanisa Katoliki, ikitumia umeme wa sola, pamoja na deki moja na kaseti moja. Nasema kaseti moja, wala sijakosea. Padre mmoja aliyerudi kwao Italia ndiye aliyeiacha, na filamu yenyewe ilizungumza Kiitaliano kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kila siku saa tisa, Katekista Tomaso alifungua ukumbi na kuiweka kaseti hiyo. Wiki ya kwanza watu walijaa hadi madirishani. Katika filamu hiyo kulikuwa na msichana, na kila mtu alimwita, "Nina! Nina!" Watoto wa Gendabi nao walijibu kwa pamoja, "Una nini?" wakacheka mpaka katekista akatishia kuzima. Lakini theluji ilipoanza kuanguka, ukumbi mzima ulinyamaza. Hakuna aliyewahi kuona kitu kama kile. Mlima Hanang wanaujua tangu kuzaliwa, na mawingu yake wanayajua, lakini mlima kufunikwa weupe kutoka juu hadi chini! Mtoto mmoja aliuliza kwa sauti ndogo kama ule ulikuwa unga.

Wiki ya pili ukumbi ulijaa nusu. Wiki ya nne walibaki watatu: Restituta, katekista, na kuku aliyekuwa akitaga chini ya benchi la nyuma.

Restituta hakuchoka. Kadiri alivyoitazama filamu ile, ndivyo ilivyomwonyesha kitu ambacho jana yake hakukiona, naye alishangaa imewezekanaje. Alikuwa ameipa kila siku ukurasa mmoja katika daftari lake. Siku ya nne aliandika: "Farasi mweupe ana kovu mguu wa nyuma, wa kushoto." Siku ya tisa: "Theluji ikianguka haina sauti. Mvua yetu ina sauti." Siku ya kumi na saba: "Jivu la jikoni kwa Nina halijazolewa siku nyingi. Mama hayupo." Siku hiyo moyo ulimdunda kwa furaha, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Aliliona jivu kwa macho yake.

Kulikuwa na sehemu moja tu ambayo hakuitazama tena. Mwanzoni kabisa, Nina anasimama mlangoni na farasi wake, tayari kuvuka milima kumtafuta baba yake. Bibi mmoja mzee anatoka ndani, anasema maneno machache, anatema mate. Siku ya kwanza Restituta aliandika, "Bibi yake alimbariki, akaenda." Hilo alikuwa analijua, hata halikuhitaji kutazamwa. Kuanzia siku ya pili, sehemu hiyo ilipofika, alikuwa anainama kuchonga penseli.

Jumatatu moja Mwalimu Onesphory, mwalimu wao wa Kiswahili, aliingia darasa la sita na habari kubwa.

"Kuna mashindano ya insha ya mkoa. Kichwa cha habari ni 'Kitu Ninachokifahamu Vizuri'. Shule yetu itapeleka insha moja, na aliyeiandika ataisoma mwenyewe Babati, mbele ya wanafunzi wa mkoa mzima."

Restituta hakulala vizuri kwa hamu. Aliandika kurasa nne juu ya Nina. Aliandika farasi, jivu na theluji isiyo na sauti. Kisha akaona kwamba watu wa insha yake hawasemi chochote, nao ni kama mabubu. Basi akawapa maneno. Bibi mzee wa mlangoni akamfanya aseme, "Nenda, mjukuu wangu. Milima ikufungulie njia."

Jumatano Mwalimu Onesphory aliisoma insha hiyo mbele ya darasa. Hakuna aliyekohoa. Alipomaliza, alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena.

"Hii ndiyo itakayokwenda Babati," alisema.

Yonas, jirani yake wa dawati, alinyoosha mkono. Yonas alikuwa mtoto wa wakulima wa upande wa pili wa korongo, na alipenda kuuliza maswali.

"Mwalimu, ile filamu ni ya Kiitaliano. Restituta ameyajuaje wanayoyasema?"

"Swali zuri. Restituta, umeyajuaje?"

Macho yote yalimgeukia. Angeweza kusema, "Nimeyatunga, mwalimu." Ni maneno mawili tu. Lakini aliogopa insha itachukuliwa na kupewa mtu mwingine, na mdomo ukatangulia.

"Sista Judica alinitafsiria. Kabla hajakwenda Mbulu."

Sista Judica alikuwa amesoma Italia miaka mitatu, na kila mtu alijua. Mwalimu alitikisa kichwa kwa kuridhika, akachukua kalamu, na chini ya insha akaandika kwa mwandiko wake mzuri: "Tafsiri ya maneno: Sista Judica."

"Vizuri sana. Anarudi Jumamosi. Nitamwomba aipitie kabla sijaituma Jumatatu."

Restituta aliketi. Alitaka kufurahi, furaha ikakataa kuja.

Alhamisi alikwenda ukumbini kama kawaida, akafungua daftari, akashindwa kuandika. Ijumaa ikawa hivyo hivyo. Nina alitembea kwenye theluji, farasi akateleza, upepo ukavuma, na yeye alimwona Sista Judica tu, akiishika ile insha na kuuliza, "Mimi? Lini?"

Jioni hiyo bibi alimwona ameukumbatia mti wa zizi.

"Umegombana na Nina wako?" aliuliza kwa utani.

Restituta alilia, akamweleza yote: insha, swali la Yonas, Sista, Babati. Bibi alimsikiliza huku akiendelea kushona ushanga wake, mwekundu, mweupe, mwekundu. Hakumkaripia. Aliuliza swali moja la ajabu.

"Huyo bibi mzee alitema mate. Yaliangukia wapi?"

"Sijui, bibi."

"Hujui? Umetazama siku ngapi?"

"Thelathini na tatu."

"Siku thelathini na tatu!" Bibi aliweka sindano chini. "Mjukuu wangu, mate ya baraka yanakwenda kwenye ngozi ya mtu. Yakianguka chini, hiyo ni habari nyingine kabisa. Kesho tunakwenda wote. Nataka kumwona huyo bibi mwenzangu."

Jumamosi saa tisa bibi aliingia ukumbini kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Bangili zake zililia kila alipopiga hatua. Katekista Tomaso alimpa shikamoo na kumwekea kiti cha mbele. Kaseti ilikuwa haijaanza bado mlango ulipofunguka, akaingia Sista Judica, vumbi la safari likiwa bado kwenye viatu vyake.

"Shikamoo, Sista," alisema Restituta. Sauti ilitoka nyembamba.

"Marahaba, binti yangu. Nimepita shuleni kumsalimia mwalimu. Ameniambia kuna insha nzuri, na kwamba mimi nimeitafsiri." Sista alitabasamu, lakini macho yake yalikuwa yanauliza. "Nikamwambia nitakuja kwanza nizungumze na wewe."

Miguu ya Restituta ilitaka kukimbia. Mlango ulikuwa wazi na korongo halikuwa mbali. Alimtazama bibi yake. Bibi hakumsaidia kwa neno wala kwa ishara. Basi akasimama wima.

"Nilidanganya, Sista. Hukunitafsiria. Maneno niliyatunga mimi, nikaogopa kusema, nikalitumia jina lako. Naomba unisamehe."

Alisubiri kufokewa. Sista alivuta kiti karibu na cha bibi.

"Nimekusamehe. Na mwalimu utamwambia mwenyewe?"

"Nitamwambia leo."

"Haya. Keti hapa kati yetu. Tuitazame."

Filamu ikaanza. Nyumba ya mawe ikatokea, farasi akatokea, Nina akasimama mlangoni. Mkono wa Restituta ulitafuta penseli kwa mazoea, lakini bibi akaushika. Safari hii alitazama.

Bibi mzee alitoka. Uso wake ulikuwa mgumu. Hakumkaribia mtoto, hakumgusa kichwa. Alisema maneno yake, akatema, na mate yakaangukia kwenye jiwe la kizingiti, chini, mbele ya miguu ya Nina. Kisha akafunga mlango.

"Amemfukuza," bibi alisema kwa Kidatoga, kwa sauti ya chini. "Hiyo si baraka. Mtoto huyo hana kwao tena."

Restituta alitafsiri kwa Kiswahili. Sista Judica alimgeukia bibi kwa mshangao mkubwa.

"Bibi ameelewa kuliko mtu mwenye kamusi! Anachosema yule mama ni hiki: 'Ukitoka, usirudi tena kwenye mlango huu.'"

Kwenye kioo Nina alikuwa ameanza kupanda mlima, na theluji ilikuwa inaanguka kimya kimya. Ilikuwa theluji ile ile, farasi yule yule mwenye kovu, lakini kila kitu kilikuwa kimebadilika. Siku zote alimwona Nina akienda na baraka kichwani, kama yeye mwenyewe anavyokwenda. Kumbe mtoto yule alipanda peke yake na mlango umefungwa nyuma yake, na ndiyo maana hakugeuka kutazama nyumbani hata mara moja. Ndiyo maana alimkumbatia farasi shingoni. Ndiyo maana mwishoni, mlango wa baba yake ulipofunguka, aliogopa kuvuka kizingiti! Yote yalikuwepo pale tangu siku ya kwanza. Machozi yalimtoka, wala hakuona haya. Alikuwa ameitazama filamu mara thelathini na nne, na ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Kutoka ukumbini alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mwalimu Onesphory, akamweleza bila kuficha kitu. Mwalimu aliitoa insha kwenye bahasha, akapiga mstari juu ya yale maneno aliyoyaandika mwenyewe kuhusu tafsiri.

"Hii haiendi," alisema.

Restituta aliinamisha kichwa. "Ndiyo, mwalimu."

"Umeniumiza, Restituta, kwa sababu nilikuamini na nikaandika jina la Sista kwa mkono wangu. Lakini umekuja kwa miguu yako. Sikiliza nikuambie. Kutunga si kosa, na kutojua Kiitaliano si kosa. Hata mimi sikijui. Kosa ni kumwambia msomaji kwamba unajua kitu usichokijua, na kumsingizia mtu mwingine ili uaminike. Ulichokiona, andika umekiona. Ulichokidhani, andika umekidhani. Na usichokijua, uliza. Msomaji akikuamini mara moja ukamdanganya, hata jivu lako la kweli hatalisadiki tena." Akamkabidhi karatasi nne tupu. "Nataka insha nyingine mezani kwangu Jumatatu kabla ya kengele."

Jumapili baada ya misa Restituta aliandika mpaka kidole kikapata sugu. Aliandika juu ya filamu aliyoitazama mara thelathini na nne bila kuelewa neno hata moja. Aliandika namna alivyochonga penseli wakati jambo kubwa kuliko yote likipita mbele yake. Aliandika pia kuhusu bibi asiyejua kusoma, aliyeuliza swali moja. Hata uongo wake aliuandika, ingawa mkono ulikuwa mzito.

Jumatatu Mwalimu Onesphory aliisoma darasani. Yonas alinyoosha mkono, na darasa zima likaguna.

"Mwalimu, leo sina swali," alisema. "Nataka kuiona hiyo filamu tena."

Siku ile saa tisa ukumbi ulijaa hadi madirishani, na kuku alihamishwa.

Siku ya safari ya Babati, Restituta alivaa sare iliyopigwa pasi, insha ikiwa kwenye bahasha mpya. Gari la halmashauri lilikuwa linasubiri barabarani na Mwalimu Onesphory alikuwa ameshapanda. Restituta alisimama mbele ya bibi yake. Bibi alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamtemea mate kidogo.

"Yameangukia wapi?" aliuliza.

"Kwenye paji la uso, bibi."

"Umeona au umedhani?"

Restituta alicheka. "Sikuona, bibi. Macho yangu hayafiki huko. Ila nimeyasikia yakinigusa."

"Basi ukawaambie hivyo hivyo," bibi alisema. "Nenda, njia iwe laini."

Alipanda gari, akaketi karibu na dirisha. Upepo wa njiani ulimpiga usoni, naye hakuyafuta.